Nilivyokimbia Kilomita Thelathini kwa Mdomo

Aliyekosa sehemu iliyopita hakukosa mengi zaidi ya aibu zangu, na aibu bado zipo za kutosha.

Naitwa Praneel Gounder. Nimezaliwa Liverpool, magharibi ya Sydney, mtoto wa pekee wa Wahindi wa Fiji. Mwaka juzi vyuo vya udaktari vilinikataa. Mwaka jana vikarudia. Darasani nilikuwa na alama nzuri, na mtihani wa kuchuja niliupita. Usaili ndio ulionitupa nje mara zote mbili, kwa sababu moja: "Hana huruma."

Wakati huohuo mama yangu, Sarojni, alishatangaza hekaluni kwamba mimi ni daktari. Hakusema nitakuwa. Alisema ni. Nikienda kuabudu, wazee wananivuta pembeni na kunionyesha magoti yao.

Ndipo Mama akaja na mpango. Kuna chuo kimoja kinachotenga nafasi kwa vijana wa mashambani, waliokaa huko utotoni angalau miaka mitano, kwa matumaini kwamba wakihitimu watarudi kutibu watu wa kwao. Mjomba wangu Bisun ana gesti huko Murrabindi, mji mdogo wa bara, mbali kiasi kwamba ukitoka Sydney asubuhi unafika umeshachukia gari lako. Mjomba akaapa mbele ya hakimu kwamba nililelewa gestini kwake, toka miaka sita mpaka kumi na moja.

Mimi Murrabindi nimefika mara moja, kwenye harusi. Nilikuwa na homa. Nililala garini.

Kiapo kikakubalika. Nikaitwa kwenye usaili. Wiki iliyopita niliwaacha ninyi wasomaji mlangoni pa chuo, Mama akinifuta unga wa roti shavuni.

Sasa twende ndani.

Tulikuwa vijana wengi kwenye korido, kila mmoja amepangiwa mlango wake. Kengele ikilia unaingia, unakutana na jambo la kukupima, kengele ikilia unatoka unahamia mlango unaofuata. Nilipotazama wenzangu nikashtuka. Wote walikuwa wamepinda shingo upande wa kushoto.

Nikajua tumefundishwa na mtu mmoja.

Bwana Cosgrove, mwalimu wa tuisheni ya huruma, alituambia kila mmoja wetu kwamba anamfundisha yeye peke yake. Somo lake lilikuwa fupi. Pinda shingo. Vuta pumzi. Sema, "Naelewa hili ni gumu kwako." Kama mgonjwa analia, msogezee tishu, lakini usimguse.

Dada aliyekuwa mbele yangu alikuwa anajifanyia mazoezi na ukuta.

"Naelewa hili ni gumu kwako," aliuambia ukuta.

Kengele ikalia.

Mlango wangu wa kwanza, nikamkuta mwanamke ameketi, na msaili pembeni yake kimya kama kabati. Maelekezo yalisema: umemgonga mbwa wa jirani yako kwa gari, mbwa amekufa, mwambie. Mwanamke alikuwa mwigizaji. Nilijua ni mwigizaji. Yeye alijua najua.

Nikapinda shingo. Nikavuta pumzi.

"Jirani, nina habari nzito kuhusu mbwa wako."

"Rafiki yangu wa pekee!" akapiga yowe. "Amefanya nini?"

"Naelewa hili ni gumu kwako."

"Hujaniambia bado!"

"Naelewa kwamba kutoambiwa ni kugumu kwako."

Akalia. Nikaona nikimwacha alie peke yake nitakosa alama, nami nikalia. Nililia kuliko yeye. Mwishowe yeye ndiye aliyenisogezea tishu, akanong'ona bila kutikisa midomo, "Punguza kidogo, mwenzangu, na mimi nina watoto wa kulisha."

Msaili alitabasamu na kuandika. Nikatoka kifua mbele. Hatimaye nilikuwa na huruma.

Milango mingine ilipita vivyo hivyo. Tatizo lilinisubiri kwenye mlango wa mwisho, ule wa watu wa mashambani peke yetu.

Ndani kulikuwa na watu wawili. Mmoja ni Profesa Fenwick, mrefu, tai ya kipepeo, macho yanayolowana kwa urahisi. Wa pili alikuwa mama mtu mzima, mikono imeungua kwa jua, amekaa kwenye kiti kama aliyezoea kukalia kitu kinachotikisika.

"Praneel, huyu ni Bi Glenys Hartigan," Profesa akasema. "Kila mwaka tunaleta mtu wa shamba atusaidie kuwachagua wenzake. Na mwaka huu, bahati iliyoje, ametoka Murrabindi! Mtu wa kwenu!"

Nikahisi shati limenigandia mgongoni.

"Murrabindi," Bi Glenys akasema polepole. "Ulikaa kwa nani?"

"Kwa mjomba wangu Bisun, mwenye gesti."

"Bisun namjua. Nakula kari yake ya mbuzi kila Ijumaa. Hajawahi kunitajia mpwa."

"Mjomba si msemaji."

"Bisun? Bisun akianza kuongea, kondoo wanasinzia." Akaegemea mbele. "Shule ulisoma wapi?"

Hilo mjomba alinikaririsha. Murrabindi haina shule, watoto wanasoma mji wa jirani.

"Tarrowan," nikajibu haraka.

"Ulikuwa unakwendaje?"

Hilo hakunikaririsha. Lakini nikaona ni swali jepesi. Mtoto wa shamba anakwendaje shule?

"Kwa basi la shule, Bi."

Bi Glenys hakukunja uso wala hakupaza sauti. Alitikisa kichwa kidogo tu, kama mtu aliyesikia injini ikigonga.

"Basi la Murrabindi kwenda Tarrowan naliendesha mimi," akasema. "Nimeliendesha toka binti yangu wa kwanza yuko tumboni. Hajawahi kuushika usukani wake mtu mwingine. Kiti chako kilikuwa kipi?"

Wasomaji, kuna wakati akili inatakiwa ifunge mlango na mdomo unyamaze. Wangu ulifungua madirisha.

"Nilimaanisha nilikuwa nalifuata basi."

"Unalifuata?"

"Kwa nyuma. Basi linanichefua tumbo. Kwa hiyo nilikuwa... nakimbia."

Profesa Fenwick akaweka kikombe chake cha chai mezani. "Unakimbia? Toka Murrabindi mpaka Tarrowan? Ni umbali gani, Bi Hartigan?"

"Kilomita thelathini," Bi Glenys akasema, macho yake kwangu.

"Ukiwa na umri gani, Praneel?"

"Miaka sita, Profesa. Lakini nilipofika saba nilizoea."

"Kwenda na kurudi?"

Nilishazama. Mtu aliyezama halowi zaidi.

"Kurudi nilikuwa natembea kidogo."

Profesa akavua miwani akaifuta. "Ustahimilivu," akasema kwa sauti ya kukwama. "Miaka yote tunautafuta ustahimilivu, vijana wanatujia na hadithi za kambi za likizo na masomo ya piano. Kumbe ulikuwa huko, unakimbia nyuma ya basi!"

"Mimi nina vioo vya pembeni," Bi Glenys akasema. "Viwili."

"Vumbi, Bi Hartigan. Vumbi la bara!"

"Haya." Bi Glenys akanigeukia tena. "Na Mto Tarrow ulipofurika, ulifanyaje?"

"Nilikuwa naogelea."

"Hakuna mto unaoitwa Tarrow. Nimeutunga sasa hivi."

Nilisikia kengele ya korido ya jirani. Nikaanza kufikiria nitakachomwambia Mama, na wazee wa magoti.

Profesa akacheka kwa upole. "Bi Hartigan, wewe ni mtu wa vitu vya kushikika. Kijana anasema kwa mafumbo. Kila mtoto maskini ana mto wake."

Akaandika hayo, tena akayapigia mstari.

Bi Glenys alimtazama Profesa kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Kisha akaniuliza swali moja la mwisho.

"Kijana, mtu wa Murrabindi akizidiwa ghafla, anapelekwa wapi?"

Nilipekua kichwa. Bwana Cosgrove hakufundisha hilo. Nikaanza kupinda shingo, kisha, sijui kwa nini, ikajinyoosha yenyewe.

"Sijui, Bi."

"Hilo ndilo neno lako la kwanza la kweli leo," akasema. Akaandika alama zake, akaifunika karatasi kwa kiganja. Kengele ikalia.

Nilitoka mbio. Sasa hivi ningeweza kweli kukimbia kilomita thelathini.

Mama alikuwa ananisubiri kwenye maegesho ya magari, ameegemea Toyota yetu, sari ya kijani, chombo cha roti na mboga ya viazi mkononi.

"Daktari wangu!" akaita. "Kula kwanza, halafu uniambie wamekupenda kiasi gani."

"Mama, ingia garini. Washa."

"Kuna nini?"

"Ingia, Mama, nitakueleza njiani!"

Lakini pikapu yenye matope mpaka madirishani ikasimama nyuma ya Toyota yetu, ikatuziba. Akashuka Bi Glenys. Ndani ya pikapu alibaki msichana wa rika langu, nywele fupi, mikono yenye makovu ya waya wa seng'enge.

"Wewe ndiye mama yake?" Bi Glenys akauliza.

Mama akaweka tabasamu lake la hekaluni. "Ndiyo, dada. Karibu roti."

"Mwanao hajawahi kuishi Murrabindi hata siku moja."

Tabasamu halikutoka, ila lilikosa mwenyewe. "Dada yangu, utoto una mengi, huenda hukumbuki..."

"Mama," nikasema, "ndiye dereva wa basi la shule."

Mama akafunika chombo cha roti. Alijua vita vya kushindwa.

"Umeshawaambia?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nimempa alama zote."

Mimi na Mama tukatazamana.

"Kwa nini?" nikauliza.

Bi Glenys akaelekeza kidole kwenye pikapu. "Yule ni mjukuu wangu, Tamsin. Amezaliwa Murrabindi na kukulia Murrabindi. Alisailiwa asubuhi, mimi nikatolewa nje kwa sababu ni damu yangu. Sawa. Haki ni haki. Wakati wa chai nikawasikia wasaili wakimcheka. Walimkutanisha na yule mwigizaji wa mbwa. Unajua alimwambia nini?"

"Naelewa hili ni gumu kwako?" nikakisia.

"Alimwambia, 'Nimemgonga mbwa wako, amekufa, kosa ni langu. Koleo liko wapi nikuchimbie?' Wakampa sifuri. Wakasema ni mkavu."

Tamsin akatoa kichwa dirishani. "Na bado sijui nilitakiwa niseme nini, Bibi. Mbwa si alikuwa amekufa?"

Nilikumbuka machozi yangu na zile tishu, nikatamani ardhi ya maegesho ile inimeze na tai yangu.

"Nafasi ya wilaya yetu ni moja," Bi Glenys akaendelea. "Tamsin ameanguka. Wewe nikikuumbua, nafasi inarudi mjini, kwa wale wenye shingo mbovu. Murrabindi haijapata daktari toka yule wa mwisho alipozeeka akaondoka. Mume wangu alifia ndani ya basi langu, kiti cha pili, nikimkimbiza hospitali. Hapo ndipo mtu wa Murrabindi anapopelekwa akizidiwa, kijana. Kwenye basi la shule."

Mama akajishika mdomo. Alinyoosha mkono amshike Bi Glenys bega, kisha akaurudisha, kisha akaunyoosha tena na kumshika.

"Sasa unataka nini kwetu, dada?" akauliza.

"Nataka daktari. Ningempenda mkweli, lakini wakweli hawapiti ule mlango. Huyu ni mwongo, ila ni mwongo ninayemjua. Jumatatu anahamia gestini kwa Bisun. Ataishi kwetu mpaka masomo yaanze, na kila likizo atarudi. Akihitimu, ni wetu. Na kabla hajaondoka atamfundisha Tamsin huo upuuzi wa shingo, mwakani ajaribu tena."

"Murrabindi?" Mama akasema. "Peke yake? Hajui hata kufua soksi!"

"Atajifunza."

"Nani atampikia?"

"Bisun."

"Kaka yangu hata bizari ya jeera anaiunguza!"

"Basi na wewe hamia."

Wanawake wale wawili wakapimana. Mimi sikuulizwa. Naomba mjue hivyo, katika mambo yote makubwa ya maisha yangu mimi huwa siulizwi, nasimama pembeni nikiwa nimeshika roti.

Lakini safari hii kuna kitu kilinijia ambacho hakikutoka kwa Bwana Cosgrove. Nilimfikiria yule mzee kwenye kiti cha pili, na mkewe mbele akishika usukani, asiweze hata kugeuka kumtazama.

"Nitakwenda," nikasema.

Wote wakanigeukia, hata Tamsin.

"Kufua soksi nitajifunza," nikaongeza. "Nitakwenda, Mama."

Mama akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi. Macho yakamjaa. Akageuka kwa Bi Glenys, akampa mkono. Bi Glenys akaupokea. Kama hadithi ingeishia hapo, leo ningekuwa naandika mambo mengine.

"Praneel! Praneel Gounder! Usiondoke!"

Profesa Fenwick alikuwa anakuja mbio kwenye maegesho, tai ya kipepeo imegeukia sikioni.

"Nimetoka kwa mkuu wa kitivo," akasema, akihema. "Nimemsimulia. Amelia! Praneel, haturuhusiwi kusema matokeo leo, kwa hiyo sijasema. Lakini mwakani picha yako itakuwa kwenye kila tangazo letu. Wewe, barabara ya vumbi na basi kwa mbali."

"Picha gani?" Mama akaninong'oneza. "Basi gani?"

Nikamkanyaga mguu.

Profesa akamwona Tamsin dirishani. "Na wewe binti ni wa Murrabindi pia! Mlikuwa rika moja. Bila shaka ulikuwa ukimwona."

Bi Glenys akafumba macho. Alikuwa anamjua mjukuu wake.

"Hapana," Tamsin akasema. "Basini tulikuwa watoto saba. Huyu namwona leo."

Profesa akakunja uso, akafikiri. Kisha uso ukafunguka kama dirisha.

"Naam! Kwa sababu alikuwa anatoka kabla hamjaamka! Mnaona? Hata majirani zake hawakujua mateso yake!"

Tamsin akamgeukia bibi yake. "Bibi, huyu baba anaumwa?"

"Nyamaza, mwanangu," Bi Glenys akasema. "Tafadhali nyamaza."

Nikaanza kupumua. Niliona mlango, niliona nuru. Profesa akamgeukia Mama, akamshika mikono yote miwili, akapinda shingo upande wa kushoto. Kumbe hata yeye.

"Na wewe, mama," akasema kwa sauti ya msiba. "Sitakulaumu. Nani anajua umaskini ulikubana vipi, mpaka mtoto wa miaka sita ukamwachia akimbie kilomita thelathini kwenda shule, peke yake, tumbo tupu, mama yake asijue kama atarudi. Naelewa hili ni gumu kwako."

Nilimwona Mama anabadilika. Ilianzia masikioni, ikashuka shingoni.

"Mama," nikasema. "Mama, tafadhali."

"Tumbo tupu?" Mama akauliza.

"Mama!"

"Nimwachie mwanangu akimbie?" Alijinasua mikono, akakipigapiga chombo cha roti. "Mimi? Sarojni? Wewe mwanamume, unajua unaongea na nani? Huyu mtoto hajatia mguu wake kwenye vumbi! Toka darasa la kwanza nimempeleka shule mwenyewe, kwa gari hili hapa, mpaka getini, kila asubuhi, na tifini ya chakula cha moto mapajani! Waulize walimu wake! Waulize Liverpool nzima!"

Profesa Fenwick aliinyoosha shingo yake taratibu.

"Liverpool?" akasema.

Mama alifungua mdomo kujibu, akasikia alichokisema, akanigeukia mimi. Bi Glenys naye akanigeukia. Tamsin alishuka kwenye pikapu, akaja kusimama kando yangu, akasubiri kama wengine.

Profesa alitoa kalamu mfukoni.

"Praneel," akasema, "safari hii bila mafumbo. Ulikulia wapi?"